Jino, Jirani na Simu ya Magharibi

Garissa mgonjwa haendi hospitali peke yake. Ukienda peke yako watu watadhani umekosana na ukoo mzima. Mimi ni mwalimu niliyetoka "Kenya", kama huku wanavyoita kwetu bara, na ukoo hapa sina. Kwa hiyo jino langu la nyuma lilipovimbisha shavu likawa kama andazi, jirani yangu, mama anayeuza maziwa ya ngamia sokoni, alijitangaza kuwa ndiye ukoo. Akafunga kibanda, akavaa jilbabu ya heshima, akaita tuktuk.

"Abaayo, dada yangu, baki tu, nitaenda mwenyewe," nikamwambia.

"Beke yako?" akasema, maana ulimi wake wa Kisomali hauna "p". "Wallahi, watu watasema nini?"

Nilikuwa na sababu zangu. Nina virusi vya ukimwi, miaka mingi sasa, nameza dawa na niko ngangari. Daktari wa meno ilibidi nimwambie kabla hajaniandikia dawa zake. Lakini jirani hakujua, na huyu ndiye tunayekula naye sinia moja kila Ijumaa, mkono wake na wangu kwenye wali mmoja. Nasema kweli, niliogopa kuipoteza ile sinia kuliko nilivyoogopa koleo.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi: nimtoe nje kidogo tu, niseme langu. Tulipoingia kwa daktari nikalalamika kiu, akaninunulie maji. Akafungua mkoba, akatoa chupa. Nikataka leso, akatoa leso. Nikasema tende zingenifaa baadaye. Jamani, akatoa tende! Mkoba ule ungeombwa mbuzi ungetoa mbuzi.

Daktari akavaa glavu. "Una ugonjwa wowote? Kuna dawa unazotumia?"

Sasa, msindikizaji wa huku hakai bure. Yeye ndiye anayejibu. Kazi ya mgonjwa ni kuugua tu.

"Hakuna," jirani akasema. "Huyu mzima kama ngamia. Hata banadol hajui."

"Anavuta sigara?"

"Astaghfirullah!"

"Ana mimba?"

"Mume iko wapi?"

Hapo hasira zikanipanda. Mimi darasani sikubali mtoto amjibie mwenzake, halafu leo nijibiwe nikiwa na mdomo wangu mwenyewe! Nikaketi wima, shavu na yote.

"Natumia! Natumia ARV, nina virusi, na huyo mume niachieni mwenyewe!"

Daktari akachukua kalamu.

"Asante kwa kuniambia," daktari akasema. "Zinaitwaje?" Nikamtajia. Akauliza kama nikijikata damu huchelewa kukauka, nikasema hapana. "Haya, fungua mdomo."

Basi! Nilifuga jino bovu muda wote huo kwa kuogopa kuambiwa nifungue mdomo. Mficha uchi hazai, na mficha jino hali nyama.

Lakini jirani alikuwa ameinamisha kichwa, kimya, yeye ambaye hunyamaza wakati wa sala tu. Jino likang'oka, bado kimya. Kwenye tuktuk, kimya. Mimi mdomo umejaa pamba, siwezi hata kujitetea. Nikajua Ijumaa nitakula peke yangu, na iliniuma kuliko pengo.

Tulipofika langoni akanigeukia, amefura.

"Ile simu yako inalia kila magharibi, unakimbia ndani, unafunga mlango. Kumbe ni dawa?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mimi nilifikiri ni mwanaume! Mwaka nzima nafanya dua akuoe! Dua yangu yote imekwenda kwa kidonge!"

Nikaangua kicheko, nusura nimeze pamba.

"Wacha kucheka, utatoka damu," akasema, akachomoa leso nyingine mkobani.

Jioni ile wanawake walijaa uani kwake wakinywa chai. Simu yangu ikalia kunikumbusha dawa. Nilikuwa nimejilaza, shavu linapwita, na hakika ningeiacha ilie. Ndipo sauti ikaruka ua wa mabati, mtaa mzima ukasikia:

"Mwalimu! Bwana yako anabiga simu, bokea! Na Ijumaa usichelewe, nyama nitakukatia ndogo ndogo!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nikainuka, nikameza.