Pembe ya Hirizi

Mama Voahirana alifanya kazi katika ofisi ya meya wa Ambohidavenona kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kufuta neno aliloliandika. Akikosea, aliuchana ukurasa na kuanza upya. Yeye ndiye aliyeandaa vibali vyote: vya kujenga, vya kuchinja, vya kuswaga ng'ombe mnadani na, katika miezi ya baridi, vya kufungua makaburi ili wafu wabadilishiwe sanda.

Vibali hivyo aliviandika kwa mkono, kisha kwa taipureta, kisha kwa kompyuta. Kompyuta haikumtisha hata kidogo, maana siku ya kwanza alipoiona aliitambua kuwa ni nyumba. Meza yake ilitazama kaskazini. Kwenye kioo, chini kushoto, palikuwa na kitufe cha kuanzia, yaani kusini-magharibi, upande ambao mtu mwenye adabu huweka mlango wake. Uliingia hapo, ukafanya shughuli zako, ukatokea hapo hapo. Juu kulia ilikuwa kaskazini-mashariki, pembe ya wahenga. Huko alikwenda kufunga tu karatasi zilizokwisha kazi, kama mtu anayewakabidhi wakubwa mambo yaliyopita. Mwenye nyumba hiyo, yeyote aliyekuwa, Mama Voahirana alimhesabu kuwa mtu aliyelelewa.

Ndipo mwezi wa saba serikali ikaleta kompyuta mpya. Fundi aliyeileta aliondoka na ile ya zamani pamoja na taipureta, akasema kila kitu kiko vilevile, kimepangwa upya tu.

Hakikuwa vilevile. Mlango haukuwapo. Kioo kizima kilijaa vigae vya rangi, kijani, zambarau na chungwa, na vingine vilijigeuza vyenyewe bila kuguswa. Kimoja kilieleza hali ya hewa ya mji ambao hakuna mtu ofisini aliyewahi kuusikia. Huko kulikuwa na mvua tangu Jumatatu.

Hata hivyo Mama Voahirana hakuwa na wasiwasi mkubwa. Wiki mbili kabla ya hapo alikuwa amepelekwa mjini kwenye mafunzo ya siku mbili ya kompyuta hizo mpya, katika ukumbi wa shule, na huko aliandika kurasa thelathini na moja, kila tendo na hatua zake. Aliandika kama sisi sote tunavyosema. Sisi mtu akikukalia vibaya mezani unamwambia asogeze sahani kaskazini kidogo. Mambo ya kulia na kushoto ni ya wanajeshi. Kwa hiyo ukurasa wa tisa ulisema: *Kuprinti. Peleka kipanya pembe ya kusini-magharibi. Ngoja hirizi tano zitokeze. Bofya ya nne.* Hirizi ndilo jina mwalimu alilozipa alama za kubofya zinazojitokeza ukingoni mwa kioo, na Mama Voahirana, ambaye ni shemasi, aliliandika huku akikunja uso.

Jumatatu alipeleka kipanya kusini-magharibi, chini kushoto. Hirizi hazikutoka. Alipobofya, vilitoka vigae. Akabofya tena pembe ileile, kibali kikarudi. Akabofya tena, vigae. Hadi Alhamisi jioni alikuwa amekwenda na kurudi mara mia mbili na kumi na nne, kwa sababu alikuwa akipiga alama kwenye karatasi ya pembeni. Kuizima pia hakuweza, maana hirizi ya kuzimia ilikuwa ya tano katika safu hiyohiyo, na mwalimu alikuwa amekataza kabisa kuchomoa waya ukutani. Kila akifunga ofisi aliifunika kwa shuka lake la mabegani, akaiacha inaunguruma.

Mambo haya yote yangeweza kusubiri kama si Ratovo.

Ratovo alikuwa mkulima wa karoti, mtu wa miaka sitini hivi. Mama yake alikuwa kaburini mwaka wa tisa, na tangu mwezi wa tano alikuwa akimjia ndotoni kulalamika kuwa anasikia baridi. Mnajimu alipiga hesabu, akatoa siku: Jumamosi, kabla jua halijasimama kichwani. Siku nyingine njema ilikuwa baada ya miaka miwili. Ndugu walikuwa wamekwisha kufika kutoka pande zote, nguruwe wawili walikuwa wamekwisha kuchinjwa, na wapiga tarumbeta walikuwa wamelala nyumbani kwake. Kilichokosekana ni kibali, na barua kutoka wilayani ilisema kibali cha mwandiko wa mkono hakitambuliki tena. Wiki iliyopita familia moja ilirudishwa njiani na askari, sanda zikiwa mikononi.

Ijumaa saa tatu Ratovo alikuwa tayari amekaa mbele ya meza, kofia magotini. Meya alikuwa ofisini mwake akimalizia mambo yake. Saa sita kamili angeondoka kwenda mjini, na bila sahihi yake karatasi ni karatasi tu.

"Mama," alisema Ratovo, "mzazi wangu anatetemeka kule, na wewe unacheza na vigae."

"Sichezi, kaka. Natafuta hirizi."

Norosoa, karani wa vizazi, aliyekuwa meza ya pili, hakuinua macho kwenye daftari lake. "Shemasi mzima, mchana kweupe," alisema. "Mchungaji akisikia atafunga siku tatu."

Ilipofika saa nne na nusu Ratovo aliomba yeye asome maagizo, ili Mama Voahirana ashughulike na mkono tu. Huenda macho yake yalikuwa yamechoka. Akasoma ukurasa wa tisa polepole, kidole kikifuata mstari. Mama Voahirana akapeleka kipanya. Vigae. Akasoma tena kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba mashine haikusikia. Kibali. Akasoma mara ya tatu, kisha akaliweka daftari magotini. Mtu anayelima mlimani hujifunza kuuliza swali moja kabla ya mengine yote.

"Huko mjini, asubuhi, jua lilikuwa likikupiga upande gani?"

Mama Voahirana akafikiri. Alikumbuka kwamba lilimchoma shavu hadi akajikinga kwa daftari. "Mkono wa kushoto."

"Basi ulikuwa unatazama kusini."

Norosoa ndiye wa kwanza kuelewa, akaweka kalamu chini. Kurasa zote thelathini na moja zilikuwa sahihi, kila neno, ila ziliandikwa na mtu aliyekaa ameipa kaskazini mgongo. Kusini-magharibi ya mjini ilikuwa juu kulia ya kioo. Hapa ofisini, juu kulia ilikuwa pembe ya wahenga.

Norosoa alisema jambo lenyewe ni dogo. Akate neno moja, aandike jingine juu yake, aprinti, mtu aende zake. Ratovo akaunga mkono kwa haraka.

"Sikati," alisema Mama Voahirana. "Nilichoandika ni kweli. Na hata ningekata, kwa wahenga sipeleki hirizi. Mimi nimebatizwa, na wao hawajanikosea."

"Kwa hiyo mama yangu akae na baridi miaka miwili?"

Mama Voahirana alimtazama, akatazama saa ya ukutani, iliyosema saa tano na dakika tano. Kisha akasimama na kuanza kuondoa mihuri mezani, mmoja mmoja, akiipanga dirishani. "Shika upande ule," alimwambia. "Tunaigeuza meza."

Meza ilikuwa ya mbao nzito ya zamani, na ilipoanza kukwaruza sakafu Meya alitoka kuona kuna nini. Wakamweleza. Meya ni mtu wa hapahapa, hakuona cha kushangaza. Aliuliza tu kama Ijumaa haina ubaya kwa kuhamisha samani, na Norosoa alipomhakikishia kuwa haina, akaenda dirishani, akatazama mnara wa kanisa kwa makini, akathibitisha kwamba kusini ni kule. Mara mbili aliamuru meza isogezwe kidogo, kwa kuwa ilielekea kusini lakini haikuelekea kusini hasa.

Saa tano na dakika arobaini Mama Voahirana aliketi, uso kwenye ukuta mtupu, mgongo kwa watu wote waliokuja kuhudumiwa. Hapo likazuka jingine. Waya wa printa haukufika. Printa ilikuwa kwenye rafu ya kaskazini, na meza sasa ilikuwa mbali nayo kwa hatua mbili.

"Nipeni," alisema Ratovo. Akaibeba printa kifuani kwa mikono yote miwili, kama mtu anavyobeba mzigo ambao hatakiwi kuutingisha. Norosoa akasimama nyuma yake, ameshika waya wa umeme ulioning'inia kutoka ukutani.

Mama Voahirana akafungua ukurasa wa tisa. Akapeleka kipanya pembe ya kusini-magharibi, juu kulia, akangoja. Ukingoni mwa kioo zikateremka hirizi tano, nyeupe, zimejipanga wima. Akazihesabu kutoka juu. Akabofya ya nne.

Printa ikashtuka mikononi mwa Ratovo. Ikaanza kutetemeka na kukoroma, ikavuta karatasi, na Ratovo akaiinamia. "Taratibu, mama," aliiambia. "Taratibu, tumekaribia." Hakuna aliyecheka, hata Norosoa.

Meya alikitia kibali sahihi saa sita kasoro dakika tatu, akakigonga muhuri palepale dirishani, maana mezani hapakuwa na nafasi.

Jumamosi asubuhi askari aliusimamisha msafara kwenye kizuizi cha barabarani. Akakisoma kibali, akainamisha kichwa upande, akakisoma tena. Tarumbeta zilinyamaza. Akauliza kwa nini maandishi yanapanda mlima.

"Mikono yangu ilichoka, bwana," alijibu Ratovo.

Askari aliligusa lile jina la marehemu kwa ukucha, akaupima muhuri kwa mwanga, kisha akainua kizuizi.

Saa nne walimtoa mama yake Ratovo kaburini. Binti zake na wakwe walimfunga sanda tatu mpya za hariri, moja juu ya nyingine, wakamlaza juani kwenye mkeka. Mama Voahirana alikuwa amefika kwa miguu, amevaa vizuri, akasogea karibu na kuuliza kwa sauti ya chini kama bado anasikia baridi. Ratovo akaweka kiganja juu ya hariri, pale penye mabega, akakiacha hapo kitambo.

"Amepata joto," alisema. "Nenda ukale wali."