Mama Vioo alivyonyamaza mbele ya kanisa zima

Saa moja na robo asubuhi, kioo kirefu kimelazwa juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Mwanamke mpana wa mabega anachovya almasi, kile kikalamu cha kukatia kioo, kwenye kikopo cha mafuta ya taa. Anavuta pumzi. Anapitisha mkono mara moja tu, kutoka juu hadi chini, na kioo kinalia kama kitambaa kinachochanika.

"Mara moja," anasema bila kuinua macho. "Ukirudia mstari, umekwisha. Ukikandamiza, umekwisha. Kioo hakitaki ubabe."

Anagonga kidogo chini ya mstari, anabana ukingo kwa vidole, na kipande chembamba kinaachia kikiwa kizima. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa amerudi nyuma hatua tatu kwa woga, anajikuta akipiga makofi peke yake.

"Acha hizo," anacheka. "Utafikiri nimefufua mtu!"

Mtaani wanamwita Mama Vioo. Kazi hii ameifanya kwa miaka ishirini na miwili, tangu mumewe alipofariki na kumwachia meza, almasi na mtoto mchanga wa kike. Mikono yake imeshonwa nyuzi thelathini na nane hospitalini. Kila Jumamosi alasiri hufundisha vijana kanisani, na mada yao mwaka huu ni upole.

Hapo ndipo wanaomjua tangu zamani hushika mdomo.

"Upole? Yule?" anauliza seremala wa jirani. "Ndugu yangu, huyu mama alikuwa moto wa kuotea mbali! Mteja alimwambia kioo kina mkwaruzo. Alikinyanyua, akampasulia miguuni, tena mteja ameshakilipia!"

Mwenyewe hakatai. "Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Alisimama mlangoni bila viatu, vigae vimetapakaa mpaka kwake. Nikaona macho yake. Alikuwa haogopi vigae, ananiogopa mimi." Anapangusa vumbi la kioo mezani. "Siku hiyo nilianza kumwomba Mungu anifundishe upya. Amenifundisha polepole kweli, maana mimi ni mwanafunzi mzito."

Binti huyo sasa anafanya kazi na mama yake. Na ni upole huohuo uliokaribia kumwondoa.

Miezi mitatu iliyopita kanisa lao liliagiza vioo kumi na viwili vya ukumbi mpya. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, mzee anayeheshimika sana, alisema fundi asihangaike kwenda kupima. Alipima mwenyewe, akaleta karatasi. Vioo vilipofika, hakuna hata kimoja kilichoingia. Vyote vilizidi sentimita mbili.

Ilikuwa Jumapili, watu wanatoka ibadani. Mzee akapandwa na hasira. "Tumempa kazi mtu asiyejua kusoma namba!" alifoka, akachomoa futi yake ya chuma apime mbele ya umati. Nafasi ya dirisha ikasoma themanini na mbili, sawasawa na karatasi. Kioo kikasoma themanini na nne. Watu wakaguna.

"Nilikuwa karibu naye," anasema binti. "Nikaona futi imekatika ncha. Namba ya kwanza ilikuwa mbili! Yaani kila alichopima kiliongezeka sentimita mbili, dirisha na kioo. Nikafungua mdomo, Mama akanishika mkono. Nilitamani ardhi inimeze."

Mama Vioo alisema maneno mawili tu: "Nitavirekebisha, Mzee."

Jioni ile binti alianza kupanga nguo kwenye begi. Shangazi yake, anayeishi mji mwingine, alikuwa amemtafutia kazi dukani. "Nilimwambia, Mama, kama huu ndio upole, basi ni woga uliopakwa rangi. Ukitaka nibaki, simama Jumapili ijayo, useme ukweli."

Mama hakusimama. Lakini hakukaa kimya kama wengi walivyodhani. Jumatatu alikwenda nyumbani kwa mzee, peke yake.

"Nilimwambia wazi. Mzee, kosa ni la futi yako. Langu ni kwamba sikwenda kupima mwenyewe. Pale kanisani nilinyamaza kwa sababu naujua ulimi wangu. Ningeanza na futi, ningeishia kwa babu yako!" Mzee alimfungia mlango.

Wateja waliokuwa saba kwa wiki wakabaki wawili. Binti aliahirisha safari hadi kazi ile iishe, maana asingeweza kumwacha mama yake abebe vioo peke yake. Na kupunguza sentimita mbili kwenye kioo kikubwa kunatisha kuliko kukata kipya, kwa kuwa ufa ukikengeuka kidogo, kioo chote kimekwenda. Vyote kumi na viwili vilipona.

Jumamosi ya tatu, kijana mmoja darasani akauliza, "Mama, mtu akikudhalilisha, na haki ni yako, unafanyaje?"

Binti alikaa vizuri kwenye benchi. Sasa atasema, aliwaza.

"Upole si kukosa nguvu ya kujibu," mama yake alisema. "Ni kuwa nayo, halafu ukamwachia Mungu akuonyeshe uitumie wapi. Yesu alikuwa nayo, wakamzomea, akanyamaza." Futi hakuitaja.

Mlangoni alisimama mzee, aliyekuwa amekuja kukagua vioo. Alivua kofia.

"Futi yangu ilikuwa imekatika," alisema. "Nimelijua hilo wiki tatu nzima."

Kijana mmoja akacheka, na darasa zima likafuata. Hapo Mama Vioo akageuka, na kwa mara ya kwanza darasani humo sauti yake ikapanda.

"Hakuna kucheka! Mnajua ni kazi gani mtu mzima kusema maneno hayo mbele yenu?" Akaburuta kiti chake mwenyewe, akamkalisha mzee, naye akafundisha akiwa amesimama hadi mwisho. Kesho yake mzee alirudia maneno yale mbele ya kanisa zima, bila kuombwa na mtu.

"Nilitaka Mama ashinde," binti anasema. "Alikuwa ameshashinda. Darasa zima lilikuwa upande wetu. Nguvu yote ile akaitumia kumnyanyua mzee yule yule. Mwoga hawezi hilo. Mimi siliwezi." Mwandishi naye anakiri kwamba haliwezi.

Sasa Mama Vioo anapanga kufundisha wasichana wawili kazi hii mwakani, na seremala amekubali kumtengenezea meza ya pili. Lakini shangazi bado anasubiri jibu.

"Sitamzuia," anasema Mama Vioo. "Mtoto wangu haniogopi tena. Hilo tu linanitosha."

Binti, anayefagia vigae mlangoni, hainui kichwa. "Hiyo meza ya pili iwekwe dirishani, Mama. Mimi napenda mwanga."

"Kwani nani kasema ni yako?"

"Kwani una binti mwingine?"

Mama Vioo anageukia ukutani. Mabega yale mapana yanatikisika.

"Wewe mwandishi," anasema bila kugeuka, "usiandike kwamba nimelia."