Masizi ya Lori la Odeta

Siku tatu fundi Luhende alilala chini ya lori la Odeta, mgongo ukimuuma kama katoka kulima mpunga. Lori halivuti, na pamba ya Odeta imerundikwa nje huko Sengerema, mawingu yanakusanyika. Luhende, bingwa wa dizeli Mwanza nzima (kwa maneno yake mwenyewe), alikuwa ameshafungua pampu mara mbili.

“Shemeji,” Odeta alimwambia, “dereva anasema ukague kile kijibomba cha kwenye ekzosi, huko moshi unakotokea.”

“Dereva ashike usukani wake!”

Jioni, amechoka hata kujisifu, alikichomoa. Masizi yalikuwa yamekiziba, na kipimo cha mgandamizo wa moshi kinachosoma kupitia humo kikawa kinaidanganya injini. Alikizibua kwa spoku ya baiskeli. Lori likanguruma, likavuta.

“Wahi kivuko cha Sengerema, shemeji,” alihema. “Na dereva mwambie ilikuwa pampu.”