Samaki wa Jagi la Harusi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu Adela, baba yako aliingia chumbani na jagi la kioo, lile tulilopewa zawadi ya harusi, na ndani yake kisamaki kimoja cha rangi ya fedha. Nililikumbuka jana uliponipigia simu kutoka Nyakahura, ukaniambia kwamba kwenye tangi lako la kioo samaki mmoja ameruka nje akafa, wengine wamemfuata, na huyu aliyebaki anajibanza nyuma ya jiwe, hali chakula, na unafikiri umtupe tu. Usimtupe. Nisikilize kwanza, na kama una sufuria jikoni, iipue.

Nilikuwa bibi harusi mgeni hapa Kirushya, nimetoka kwetu Runazi. Unajua desturi ya hapa wakati ule: bibi harusi anakaa ndani, halimi, hachoti maji, kazi yake kula na kung'aa. Ilikuwa heshima, sibishi. Lakini mimi nilizoea kupalilia mahindi na dada zangu, kelele shamba zima. Kihangaza, lugha ya hapa, nilikielewa nusunusu. Kucheka nacho nilikuwa sijaweza. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokuja, na moyoni nilishaamua: siku nitakayotolewa nje, narudi kwa mama yangu.

Baba yako aliniona nanyong'onyea, akaenda mtoni. Wale samaki ni wadogo, wepesi, hukimbia kundi zima na kugeuka pamoja. Yeye akachagua mmoja, mzuri kuliko wote, ili nipate cha kutazama. (Anasikia ninavyokusimulia, anajifanya anatafuta miwani.) Samaki mwenyewe hakukimbia hata kidogo. Alikaa chini ya jagi, akapauka. Baba yako akamtilia ugali. Hakula, akamwongezea, maana kwetu mgeni asiyekula hubembelezwa. Maji yakawa kama uji.

Bibi yako, mama mkwe wangu, aliingia kuchukua sahani yangu, ikiwa imejaa vilevile. Akaitazama sahani, akalitazama jagi, kisha akakaa kitandani kando yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamwita mwanawe.

"Huyu samaki, ulimkuta na wangapi?"

"Wengi, mama. Nilichukua aliye mzuri."

"Na huyu binti, kwao ulimkuta na wangapi?"

Ndipo bibi yako akasema kwa Kiswahili, polepole, ili nisikose neno: "Hawa wawili hawaumwi. Wamezoea kukimbia na wenzao, sisi tumewaweka pazuri, tunawaangalia. Wewe kawalete wenzake samaki. Wa huyu binti nitawaleta mimi."

Alikuwa na mtumbwi wa zamani, gogo lililochongwa la kukamulia ndizi za pombe, mwembamba, mrefu kama kitanda. Akausugua kwa maji matupu, sabuni hakuigusa, akaujaza na kuumwaga mpaka harufu ya pombe ikaisha. Baba yako akarudi na kundi kwenye ndoo. Yule wa jagini alipomiminwa mtumbwini alisimama kidogo. Wenzake wakapita, wakageuka, wakapita tena, naye akaondoka nao, akawa mbio kama aliyewazoea tangu jana. Nililia, Adela, sikuona haya.

Nilipogeuka, wanawake wa jirani walikuwa wamesimama mlangoni na vikapu, kimoja changu. Muda wangu wa kukaa ndani ulikuwa haujaisha. Bibi yako akasema watu wakiuliza, atajibu yeye. Tukaenda kung'oa maharage, wakanicheka nilivyotamka maneno yao, nami nikacheka. Jioni nilirudi na njaa ya kweli. Kwa mama yangu nilikwenda, ndiyo, lakini kusalimia, nikarudi.

Basi fanya hivi, mwanangu. Mtafutie wenzake wa aina yake, sita au zaidi, wawili hawatoshi. Tangi liwe refu kuliko lilivyo na kina. Katikati acha wazi wapate pa kukimbilia, majani na mawe yakae pembeni. Lifunike, maana hawa wanaruka, umeshaona. Maji ya bomba yalaze kwanza kwenye ndoo, na ukibadilisha usimwage yote, punguza uongeze. Chakula kidogo tu, wanachomaliza papo hapo. Na usigonge kioo kuwaonyesha wageni.

Sasa nakuja kwako. Tangu uhamie huko, kila ukinipigia simu uko chumbani, na nyuma yako kimya. Unasema chumba ni kizuri, kina umeme, kina sakafu. Nakuamini. Lakini mama jirani aliyekualika kwenye sala za jumuiya za Jumatano, ulimwambia umechoka. Jumatano hii nenda. Ukichoka, chokea huko huko na wenzako. Siku ya gulio usinunue nyanya na kukimbia ndani. Simama, salimia, uulizwe ulikotoka. Mimi siwezi kukuletea vikapu mlangoni kama alivyofanya bibi yako, umbali umenishinda, na hilo linaniuma.

Baba yako amepata miwani. Anasema tangi likiwa fupi atakuja kukupimia vioo vya jingine. Mungu akulinde, mwanangu, akupe nyumba isiyo na kimya, na watu wa kukimbia nao. Siku utakayonipigia nisikusikie vizuri kwa sababu ya vicheko nyuma yako, sitauliza habari za samaki.