Nyumba Tuliyoingia Kimya

Mbwa wangu huzimia akifurahi. Nimezoea kulisema hivyo, moja kwa moja, kwa sababu nikianza kuzungukazunguka watu hunikatiza na kuniuliza kama ninamaanisha kifafa. Simaanishi kifafa. Ninamaanisha kwamba akimwona mtu anayempenda anarudi nyumbani, anaruka, anajipinda, anabweka mara mbili tatu, halafu miguu ya nyuma inamwishia nguvu na anaanguka ubavu kama gunia lililosukumwa. Baada ya muda mfupi anaamka, anatikisa mkia na kuendelea pale alipoishia.

Sikumtafuta. Mfanyakazi mwenzangu alihamishiwa mkoa mwingine, akashindwa kusafiri naye, akamwacha kwangu Nzuguni kwa wiki mbili ambazo hazijaisha mpaka leo. Ni mbwa mdogo wa kahawia, chotara wa mbwa wa kizungu na mbwa wa mtaani, mwenye masikio yaliyozidi kichwa. Wakati huo nilikuwa nimeshamchukua mama kutoka kijijini kwetu Mvumi, maana presha ilimsumbua na jembe lilikuwa limemshinda, ingawa mwenyewe hakukubali. Alipomkuta mbwa amelala sebuleni alimzunguka kwa mbali kutwa nzima. Kwetu mbwa hulala nje na mbuzi. Jioni akaniambia, "Nilikuomba mjukuu, umeniletea huyu." Lakini mwezi haukuisha kabla sijamfuma akimmegea ugali.

Mara ya kwanza alipoanguka nilikuwa natoka Morogoro kwenye mafunzo ya kazi, baada ya siku sita. Alinipokea getini, akazunguka miguuni kwangu, akadondoka. Nilipiga ukunga. Nilidhani amelishwa sumu. Mtaani kwetu mbwa hulishwa sumu, na mimi nina ulimi ambao umeshagombana na watu kadhaa. Ulimi wake ulikuwa nje, macho wazi, ufizi umepauka kabisa. Nikapiga magoti vumbini na nguo zangu za safari, nikaweka kiganja ubavuni mwake. Sikusikia kitu. Kisha nikasikia pigo moja, kimya, halafu mawili kwa pamoja. Akainuka akanilamba kidevu. Nililia kwa hasira, maana huwezi kufa mbele ya mtu halafu ukaamka umechangamka namna ile.

Jirani yetu ni mwenyeji wa Kondoa, anauza vitenge mjini. Ni Mwislamu na hamgusi mbwa, lakini habari zake zote anazijua, kwa kuwa ua wa michongoma kati yetu ni mfupi na yeye ni mrefu. Alisema ni kifafa. Mama alisema aliyerogwa ni mwenye mbwa, siyo mbwa. Alipoanguka mara ya tatu nilimbeba kwenye kikapu nikampeleka kwa daktari wa mifugo.

Daktari yule amezoea ng'ombe. Alicheka kwanza, nikamkazia macho, akaacha. Baada ya hapo alifanya kazi yake vizuri, lazima niseme. Aliuliza kama akiamka ananitambua, kama hutokwa povu, kama huzubaa muda mrefu baadaye. Alimsikiliza kifua kwa kipimo chake akiwa amefumba macho. Akasema anavyoona yeye ni moyo: mbwa akisisimka mapigo yanavurugika, damu haifiki kichwani, anazimika kama taa na kuwaka tena. Kuna mashine ya kuhakikisha, ila yeye hana. Akaniambia nisimfunge kamba shingoni, nisimkimbize, na nikirudi nyumbani nisimsalimie. Nipite kama sijamwona, nifanye shughuli zangu, akishalala chini mwenyewe ndipo nimwite.

Alisema nisimsalimie mbwa. Naliandika hili waziwazi kwa sababu lililofuata nililiongeza mimi.

Mbwa alikuwa ameshaijua nyumba. Nilikuwa nikiingia nasema "Shikamoo mama," na neno hilo ndilo lililokuwa linamrusha kutoka alipolala, kuliko hata harufu yangu. Nikaamua kwamba hakuna salamu mpaka mbwa atulie. Geti lilikuwa linalia, nikalipaka mafuta ya alizeti kwenye bawaba likaacha kulia. Nikaweka utaratibu: mtu anaingia kimya, anatazama chini, anapita barazani bila kusema neno, anaingia ndani. Anaoga, anabadili nguo, anawasha jiko. Baada ya kama dakika ishirini anatoka na kusalimia kwa sauti ya chini.

Mama alikataa. Mama yangu alikuwa mtu wa salamu. Akikwambia "mbukwenyi", salamu ya kwetu, ujue umekaa: ataanza na wewe, atapita kwa mbuzi, kwa mvua, kwa mtama, kwa wagonjwa wa kijiji kizima, ndipo arudi tena kwako kuhakikisha hukumdanganya mwanzoni. "Tangu lini," aliniuliza, "mtu anapita mbele ya mama yake kama anapita mbele ya mti?"

"Mama, ni dakika ishirini tu," nikamwambia. "Salamu siyo maziwa, haitachacha."

Nadhani kilichomlainisha ni mbwa mwenyewe, siyo mimi. Alikuwa ameshaanza kusema kwamba yule mnyama ana moyo kama wake, kwamba wote wawili wamekatazwa kufurahi. Akakubali. Na akishakubali jambo, mama alilishika kuliko aliyelitunga. Mgeni akiita hodi, yeye ndiye aliyekuwa anaweka kidole mdomoni na kumwonyesha mbwa.

Nitasema ukweli: utaratibu ule ulinifaa mimi pia. Nilikuwa narudi kutoka kazini Mtumba nimechoka, kichwa kimejaa mafaili ya watu wengine. Salamu za mama zilikuwa ndefu na zilidai majibu ya kweli. Kupita kimya, kuoga, kukaa kidogo peke yangu kabla ya kuulizwa nimeamkaje, nimeshindaje, bosi wangu ameamkaje, lilikuwa jambo tamu. Nilijificha nyuma ya ugonjwa wa mbwa. Sikuwahi kumwambia mtu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, ya upepo, vumbi likipita barabarani. Nilifika kama saa kumi na moja jioni. Geti halikulia. Mama alikuwa barazani kwenye kiti chake cha plastiki, kitenge mabegani, ungo wa mlenda mkavu mapajani, kichwa amekiegemeza ukutani. Mbwa alikuwa amelala juu ya miguu yake. Aliinua kichwa akanitazama, na hakunyanyuka. Nilifurahi mno. Nikasema moyoni dawa imefanya kazi. Nikatazama chini kama tulivyokubaliana, nikapita karibu naye kiasi kwamba sketi yangu iligusa ukingo wa ungo, nikaingia ndani.

Nilioga bila haraka. Nikavaa gauni la nyumbani, nikawasha gesi, nikateleka maji ya ugali, nikajibu ujumbe wa kazini kwenye simu. Kisha nikatoka barazani, nikasema, "Shikamoo mama."

Mbwa aliruka, akajipinda, akaanguka. Na mimi, Mungu anisamehe, niliinama kwa mbwa. Nilipiga magoti pale sakafuni, mgongo wangu ukielekea kiti cha mama, kiganja ubavuni mwa mbwa, nikihesabu mapigo mpaka alipoamka. Nikamsifu. Nikamkuna masikio. Ndipo nikatambua kwamba hakuna aliyeniitikia.

Mume wa jirani ndiye aliyetupeleka hospitali kwa gari lake. Daktari wa zamu alinipa pole, akasema mama alikuwa ameshafariki kabla hatujafika. Nikamuuliza tangu saa ngapi. Akasema siyo muda mrefu. Nikamuuliza siyo muda mrefu maana yake nini, nusu saa au saa nzima au tangu mchana. Alinijibu kwa upole kwamba moyo ukisimama ghafla namna ile hawezi kunipa saa kamili. Nilimuuliza mara ya tatu, nesi akanishika mkono.

Tulimzika Mvumi. Nyumba ilijaa watu, na kila aliyekuja alisalimia, kwa sauti, kwa kirefu, kama inavyotakiwa. Mbwa nilikuwa nimemwacha kwa jirani, yaani uani kwake, mbali na kapeti la kuswalia, na dada yule asiyemgusa mbwa alimsogezea chakula kwa fimbo siku zote tulizokuwa msibani. Alinisimulia kwamba hakuanguka hata mara moja.

Tangu hapo nilibaki na swali moja, na sikutaka lingine. Je, nilipopita, alikuwa hai? Mchana nililijibu kwa namna moja na asubuhi iliyofuata kwa nyingine. Mwisho nililichagulia jibu. Nilijiambia kwamba alikuwa ameshaondoka. Alikuwa ameondoka saa tisa au saa kumi, usingizini, upepo ukipuliza, mbwa amelala miguuni pake kwa kuwa alielewa mapema kuliko mimi. Ndiyo maana hakunyanyuka kunipokea. Kwa hiyo salamu niliyonyima nilimnyima mtu asiyeweza kuisikia, na hakuna aliyepungukiwa. Jibu hilo lilinisaidia kula.

Lakini nyumba haikulikubali. Jioni nikiwa jikoni, zile dakika ishirini ambazo mwili wangu umezizoea, huwa nasikia nje ungo ukipepetwa. Mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu. Najua ni michongoma inakwaruzana na bati la choo cha nje. Nimeikata na bado nasikia. Natoka mbio na mikono yenye unga, na barazani hakuna kitu ila mbwa, amelala mbele ya kile kiti, kidevu kimewekwa mahali miguu ilipokuwa. Siogopi. Nasema tu kwamba kila mara natoka.

Nikaanza kuingia kwa kelele. Nasukuma geti kwa nguvu, nasimama mbele ya kiti, nasema "Shikamoo mama" kwa sauti ya kusikika barabarani. Mbwa anaanguka. Nakaa naye chini mpaka aamke, na wakati wote huo najisikia mkatili, kwa sababu najua ninachomfanyia. Siku mbili tatu nimejaribu kuacha. Nimefika mpaka mlangoni nikarudi.

Jumamosi moja mchana jirani alikuja na bakuli la kaimati. Alikaa barazani, kwenye mkeka, mbali na mbwa.

"Mdogo wangu," akasema, "usinielewe vibaya. Nakusikia kila jioni unaamkia nyumba tupu. Mume wangu anasema nikuache, lakini mimi nimeshindwa kukuacha."

Nikamwambia yote. Utaratibu, geti, sketi yangu ilivyogusa ungo, jinsi nilivyoinama kwa mbwa. Nikamwambia na swali langu, na jibu nililojipa, kwamba mama alikuwa ameshafariki nilipopita. Sikuwahi kulisema kwa mdomo. Lilisikika kama jibu zuri.

Alinisikiliza akipangusa ukingo wa bakuli kwa kidole. Niliona uso wake unachangamka, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana dawa ndani ya mkoba.

"Basi usijitese," akasema. "Hakuwa amekufa peke yake hapa kama unavyofikiria. Mimi siku ile nilikuwa naanua nguo. Nilimwamkia kutoka pale kwenye ua, akaniitikia vizuri kabisa, marahaba mwanangu. Nikakuona wewe unafungua geti. Nikamwambia kwa sauti ya chini, mama, mwanao huyo anaingia."

Nikamuuliza mama alisema nini.

"Akasema, namwona. Akaweka kidole mdomoni hivi, akacheka. Akasema, usimwite, mbwa ataamka. Atanisalimia akitoka." Akanisogezea bakuli. "Kwa hiyo unaona? Alikuwa mzima. Alikuwa na furaha."

Alikuwa amekuja kunifariji, na kwa akili yake alikuwa amenifariji. Nilimshukuru, nikala kaimati mbili, nikamsindikiza mpaka getini. Kisha nikarudi nikakaa kwenye ule mkeka. Kichwa alikuwa amekiegemeza ukutani. Nilidhani nilikuwa nimeuona uso wake, lakini nilikuwa nimetazama chini, kama tulivyokubaliana, na sijui kama alinitabasamia. Nilioga bila haraka siku ile. Nilijibu ujumbe wa watu. Na muda wote huo, au sehemu yake, mama yangu alikuwa nje ananisubiri.