Mwanangu Alikuwa Anatibu Nini?

Simu iliyoleta habari ya kifo cha rafiki yangu ilinikuta Makambako, na hadi leo sijui nilijibu nini. Alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, binti wa mkulima wa viazi wa Uwemba, na kila alipokuja likizo tulikutana Njombe mjini, tukanywa chai. Mara ya mwisho nilimuuliza hasa anachofanya. Akasema kuna virusi vinavyoshambulia bakteria. Kirusi kinaingia na uzi wake wa RNA tu, yaani maelekezo, bila mashine ya kuyasoma. Mashine ni ribosomu za bakteria. Protini mojawapo ya ribosomu hizo huushika uzi wa kirusi, huukunjua, huuweka panapofaa, na kazi inaanza.

“Inamsaidia adui?” nikauliza.

“Haijui adui. Hiyohiyo ndiyo inayosaidia kusoma maelekezo ya bakteria mwenyewe. Ukiiondoa, kirusi kinakwama, na bakteria naye anakufa.”

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Siku ya mazishi, wenzake wa chuo walisoma wasifu mrefu. Tulipotoka makaburini baba yake alinishika mkono, akanisalimu. “Kamwene, mwandishi. Wewe ulikuwa unaongea naye. Maneno ya wale sikushika hata moja. Mwanangu alikuwa anatibu nini?”

“Hakuwa anatibu, mzee.” Nikajaribu kueleza, nikachanganya uzi na mashine, nikarudia mwanzo. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Yaani hicho kidudu kinampokea anayekuja kukiua?”

“Ndiyo, mzee. Bila kujua.”

“Naye mwanangu alijua kwa nini kiko hivyo?”

“Alijua kinavyofanya. Kwa nini kiko hivyo, alikuwa bado anatafuta.”

Miaka yote mzee alitaka binti yake awe daktari wa watu, na nilidhani atakasirika. Akafuta macho kwa kiganja. “Kumbe aliondoka akiwa kazini,” akasema.

Nimeshindwa kuamua kama hilo ni faraja au ni uchungu zaidi. Tumezoea kumpima marehemu kwa alichokamilisha: nyumba, shamba, cheo. Huyu ameacha swali, na wala silielewi vizuri. Lakini baba yake amelipokea hivyohivyo, bila kulielewa, na nadhani hata sisi tunaweza kumheshimu mtu kabla hatujaielewa kazi yake.