Miguu Mipya ya Pikapu

Kwa miaka tisa katika gereji ya mgodi, Geita, kazi yangu ilikuwa kufungua. Nilifungua injini, nikafungua giaboksi, nikafungua magurudumu ya malori yaliyorudi na tope la mbugani hadi milangoni. Nikishafungua, nilisafisha vyuma kwa petroli, nikavipanga juu ya gunia, kisha nikasimama kando. Kufunga kulikuwa kwa Wazungu wawili na fundi mmoja wa Kihindi. Bwana mkubwa wa gereji alinieleza siku ya kwanza, bila hasira, kama mtu anayekuonyesha choo kilipo: Mwafrika anafungua, hafungi. Nikamwambia kwamba wakati wa vita nilifunga malori ya jeshi kwenye mvua na hakuna aliyekufa kwa mkono wangu. Akasema vita vimekwisha.

Nilikaa miaka tisa kwa sababu nilikuwa na watoto. Sitaki mtu anione shujaa. Nilikaa, nikameza, na kila kilichofungwa mbele yangu nilikitazama mpaka nikakijua.

Nilikuwa na pikapu yangu, kuukuu, ya kabla ya vita, niliyoipata kwa mfanyabiashara wa kwetu Segese baada ya yeye kuipinda ekseli kwenye daraja la magogo, ikabaki huko huko. Magari ya zamani yale mbele yalikuwa na ekseli moja nzima, chuma kimoja toka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Gurudumu moja likipanda jiwe, lile jingine nalo lilipata habari. Ya kwangu ilipinda vibaya, na nyingine ya kuweka haikupatikana, si Mwanza wala Tabora.

Nyuma ya gereji kulikuwa na mzoga wa gari dogo la kisasa, la mpima madini mmoja, lililogongwa na lori kwa nyuma. Nyuma lilikuwa limekunjika kama kopo, lakini mbele lilikuwa zima. Kila gurudumu lilikuwa na mikono yake miwili ya chuma na springi yake iliyosokotwa mviringo, likipanda na kushuka peke yake bila kumwuliza mwenzake. Niliyelifungua gari lile nilikuwa mimi.

Nikamwomba bwana mkubwa ile mbele.

"Ya nini?"

"Niifunge kwenye pikapu yangu."

Alicheka hadi akavua miwani. Akasema nichukue, ila kuanzia siku ile sina kazi, kwa kuwa mtu anayejiona fundi huwaharibia wengine. Akaongeza kwamba mkaguzi wa magari wa Shinyanga hatalipitisha dude kama hilo, na bila kibali chake nisingeweza kubeba mzigo wa mtu kwa nauli. "Utarudi hapa kuomba," akasema. Nikapandisha chuma changu kwenye lori la pamba lililokuwa linaelekea kwetu, na sikumuaga.

Segese hapakuwa na drili wala gesi ya kuchomelea. Palikuwa na mhunzi wa kabila la Warongo, wa ukoo uliofua majembe tangu kabla ya Wajerumani. Yeye hakuuliza kama Mwafrika anaruhusiwa. Aliuliza unene wa chuma tu. Chasisi ya pikapu ilikuwa nyembamba kuliko ile mbele mpya, kwa hiyo akafua vipande vinne kutokana na reli ya toroli, akavitoboa kwa msumari mnene uliowiva moto, na tukavikaza kwa bolti. Mimi nilipima kwa kamba ya katani kutoka ekseli ya nyuma, kushoto na kulia, na kwa mshazari, mpaka pande zote zikalingana. Siku sita tulifanya hivyo, na sijawahi kuwa na siku sita nzuri kuliko zile.

Jeki sikuwa nayo. Siku ya kuinua pikapu niliita basumba, vijana wanaolimiana mashamba kwa zamu huku wakiimba. Ukiwaita unawapikia, na hawa wa kwetu walikuwa na desturi yao: kazi wakishaimaliza hawaiachi mpaka chungu kifike. Wakimaliza kulima hukaa shambani. Wakibeba magunia hukaa juu ya magunia. Ndiyo namna ya kumwonyesha mwenye kazi kwamba bado ana deni la ugali. Waliinua pikapu kama mtoto, tukaifunga ile mbele, wakaishusha chini ikasimama kwa miguu yake mipya. Kisha wakapanda juu ya boneti na madigadi, saba au wanane, wakaendelea kuimba.

Nami nilikuwa na haraka. Magurudumu ya mbele hutakiwa kukaribiana kidogo zaidi kwenye ncha zake za mbele kuliko kwenye ncha zake za nyuma. Nikachukua ufito wangu wa kupimia, nikapima huku wakiimba, nikarekebisha vyuma vya usukani, nikakaza nati.

Asubuhi yake niliiwasha nikaelekea josho la ng'ombe. Pikapu ilikwenda kama mlevi anayetafuta mlango wake. Ilitaka kisimani, ikageuka ikataka shamba la mhogo. Wanawake waliokuwa wanateka maji walicheka mpaka wakatua ndoo. Nikarudi, nikafungua, nikawaita tena basumba, tukainua, tukashusha, wakakaa, nikapima. Ilikuwa ile ile. Mara ya tatu, vivyo hivyo. Nitasema kweli: jioni ile niliona aibu. Nilijiona nasimama mlangoni kwa bwana mkubwa, kofia mkononi.

Aliyeniokoa ni mke wangu, na hakuniokoa kwa upole. Alikuwa amechoka kuwapikia watu ugali kwa kazi isiyokwisha. Siku ya nne alisimama na mwiko mkononi, akatazama vijana wakipanda boneti.

"Baba watoto," akasema, "hawa wakikaa, gari linatanua miguu. Wakishuka, linaibana. Wewe kila siku unalipima likiwa limekaliwa. Utakwenda nao hadi Shinyanga juu ya boneti?"

Nilichuchumaa nikatazama. Alisema kweli. Ekseli ya zamani hata ukiipandishia fahali haibadiliki, na mimi nilikuwa napima miguu mipya kwa akili ya ekseli ya zamani. Nikawaambia washuke. Kiongozi wao, nsumba ntale, akakataa. Chungu hakijafika, na yeye hawezi kuvunja desturi kwa sababu ya gari. Tukabishana. Mke wangu akaenda jikoni, akaleta chungu kikiwa bado kinatokota, akakiweka mbali kabisa, karibu na zizi.

"Haya, kimefika," akasema. "Kifuateni."

Walishuka wote. Nikapima peke yangu, taratibu, na ufito ukaonyesha kosa wazi kabisa. Asubuhi pikapu ilinyooka barabarani hadi nikaachia usukani, nikapiga kelele mle ndani peke yangu.

Shinyanga nilifika nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Mkaguzi alikuwa Mzungu kijana, na karani wake Msukuma, mtu mzima. Nilimwamkia karani, akaitikia marahaba na kunionyesha pa kuegesha. Mkaguzi akaingia chini ya pikapu na kurunzi, akatikisa magurudumu, akagonga bolti moja moja. Kisha akaiendesha mwenyewe barabara yote ya kinu cha pamba, ile yenye matuta, akarudi. Alikuwa anatabasamu, kisha akaona kwamba natazama, akaacha.

"Gereji ya mgodi ndiyo imefunga hii?"

Akafungua kitabu chake. Akasema kama ni gereji, ananipa kibali leo hii. Kama ni mtu asiye na cheti, sheria haimruhusu.

Karani akanong'ona bila kunitazama, akiniita mwanawe kwa Kisukuma. "Ng'wanawane, sema gereji. Nduhu tabu, hakuna shida, ni neno tu."

Alikuwa ananitakia mema, na sijamlaumu hata leo. Neno lile lingenipa mizigo ya Nkome, ya Nyarugusu, ya kila mahali. Lakini nilimfikiria bwana mkubwa akisikia kwamba gari moja zuri sana la gereji yake limepita Shinyanga, na hasira ya miaka tisa ikanijaa kifuani.

"Nimefunga mimi," nikasema. "Kwetu Segese. Andika mimi."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Andika."

Aliandika kwa muda mrefu. Alichana karatasi, akampa karani, akaondoka bila kuaga. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo karani akanisomea kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba: gari limekataliwa kibali cha nauli, sababu, sehemu ya mbele imebadilishwa na fundi Mwafrika, mwenye gari mwenyewe, asiye na cheti, kazi yenyewe haina kasoro.

Nikamwambia arudie mwisho. Akarudia. Nikamwomba arudie tena, na safari hii alielewa, akasoma kwa sauti ya juu mpaka askari wa mlangoni akageuka.

Mwaka ule nilibeba mzigo wangu tu, kama sheria ilivyotaka. Polisi akinisimamisha na kuuliza pamba ni ya nani, nilisema ni ya mama yangu. Na ile nyingine? Ya mama. Kwetu kila mwanamke wa rika la mama ni mama, na polisi mwenyewe alikuwa mtoto wa huko huko, angebisha nini.

Ile karatasi niliigongomea misumari kwenye mlango wa kibanda changu cha kazi. Mtu wa kwanza kuleta gari bovu hakujua kusoma. Aliiona mihuri, akauliza kama ndicho cheti changu. Nikamwambia yote kama karani alivyonisomea, pamoja na kukataliwa kwenyewe, sikuruka neno. Alifikiri kidogo, akaitazama pikapu iliyosimama uani, kisha akaniachia ufunguo.